Kwikwi ya Gari la Mafunzo

Mara ya pili Mkunga aliposhindwa mtihani wa udereva, alikataa lifti ya mwalimu wake akarudi nyumbani kwa miguu, mkoba kwapani, akijisemea njia nzima kama mtu anayegombana na jirani asiyeonekana.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye kituo cha afya cha mtaani kwao, akipokea watoto wa watu, na ingawa alishastaafu, hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Nusu ya watu aliopishana nao barabarani siku ile aliwapokea yeye, wakiwa bado wanateleza na kupiga kelele. Mikono yake haikuwahi kutetemeka mbele ya lolote. Leo mtahini mmoja, kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio, amwambie mbele ya watu, “Mama, mguu wako hauna uhakika”!

Kosa lilikuwa lile lile la mara ya kwanza. Kwenye mwinuko wa nyuma ya soko mtahini alimwamuru asimame, kisha aondoke. Mkunga akafanya kila alichofundishwa: akatoa breki ya mkono, akaachia klachi taratibu, akakanyaga mafuta. Gari likashika pumzi. Likapiga kwikwi moja, likapiga ya pili, likazima, likaanza kuserereka kinyumenyume hadi muuza ndizi akainua kapu lake na kukimbia.

Mumewe alikuwa jikoni akimenya viazi. Alifanya kazi posta maisha yake yote, na macho yalipoanza kumtupa mkono alirithi kazi za ndani bila manung’uniko.

“Umerudi na leseni au umerudi na hasira?” akauliza bila kugeuka.

“Na hasira.”

“Karibuni wote wawili. Chai ipo.”

Mkunga akaketi, akavua viatu. Uani, chini ya turubai, gari dogo la kijana wao lilikuwa limekaa mwaka wa pili sasa. Kijana alipohamishwa kikazi nje ya nchi aliwaachia funguo na kuwaambia wazee wajisikie huru. Kuku wa jirani ndio waliojisikia huru, wakawa wanataga chini ya bampa. Mdogo wake Mkunga naye alikuwa upande wa pili wa mji, nyonga iliyovunjika bado inaunga, hatoki, na kila wakizungumza kwa simu humalizia kwa swali moja: “Dada, utakuja lini?”

“Labda mtahini ana haki,” Mkunga akasema. “Labda nimezeeka mguu.”

Mzee akaweka kisu chini. “Huo mguu umenipiga teke usingizini miaka thelathini na minane. Mimi ni shahidi, uhakika unao.”

Mkunga akacheka bila kutaka, akajiandikisha mtihani wa tatu, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Shule ya udereva ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukutani kulikuwa na picha za alama za barabarani, na chini yake benchi refu la kusubiria zamu. Jumatatu asubuhi Mkunga alilikuta benchi lina wanafunzi wawili. Mmoja alikuwa kinyozi mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, na wa pili alikuwa mshonaji nguo mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye kola.

“Mama, leo zamu yako na Kwikwi ni saa ngapi?” kinyozi akauliza.

“Kwikwi ndiye nani?”

Wale wawili wakatazamana, wakaangua kicheko kwa kuziba midomo, maana mwalimu alikuwa chumba cha pili. Kumbe gari la shule lilishabatizwa zamani. Kinyozi alishindwa mtihani mara tatu, mshonaji mara mbili, na wote walishindwa palepale, wakati wa kuondoka.

“Mwalimu anasema mguu wangu mzito,” kinyozi akasema.

“Mimi ananiambia wangu mwepesi,” akasema mshonaji.

“Na mimi hauna uhakika,” akasema Mkunga. Kitu kikamgusa kichwani, kile kile kilichokuwa kikimgusa zamani akiona wagonjwa watatu wa nyumba tofauti wanaingia na malalamiko yale yale. Akavuta mkoba, akatoa daftari na miwani.

“Haya. Ilianza lini?”

“Nini, mama?”

“Kwikwi. Ilianza lini? Inakuja gari likiwa baridi au likishapata moto? Ukiwa mwendoni inakuja, au ukiondoka tu?”

Wakajibu kama wagonjwa watiifu. Ilianza baada ya mvua za mwaka jana. Gari likiwa baridi au moto, ni hivyo hivyo. Mwendoni halisumbui sana, ila ukitaka kulipita lori, ukikanyaga ghafla, linakushika mkono kwanza likufikirie. Mkunga akaandika yote, akapiga mstari chini, akabisha mlango wa mwalimu.

Mwalimu alikuwa mtu mwembamba, mrefu, wa tai kila siku hata jua liwake vipi. Alikuwa mwaminifu na mvumilivu, ila alikuwa na imani moja tu maishani, nayo ni klachi. Ukikosea kona, klachi. Ukigonga ndoo, klachi.

“Mwalimu,” Mkunga akasema, “gari linaumwa.”

Mwalimu akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeyasikia mengi. “Mama yangu, gari hilo naliendesha mwenyewe kila asubuhi. Linakwenda kama maji. Tatizo ni klachi.”

“Twende ukanioneshe.”

Wakashuka. Mwalimu akaketi kwenye usukani, Mkunga pembeni yake, na kweli, gari likaondoka kama maji. Mwalimu akamtupia jicho la “umeona?” Lakini Mkunga hakuwa akitazama barabara. Alikuwa ameinama anatazama kiatu cha mwalimu. Mwalimu alikuwa anabonyeza mafuta kwa ncha ya kidole gumba, pole pole, kama mtu anayepita chumbani penye mtoto aliyelala.

“Simama, mwalimu. Sasa ondoka kama mtu mwenye haraka. Kama mtu ambaye mkewe ameshikwa na uchungu kiti cha nyuma.”

“Hilo si fundisho zuri.”

“Nimewaona wengi wakiondoka hivyo, na watoto wamezaliwa salama. Kanyaga!”

Mwalimu, kwa kutaka kumaliza ubishi, akakanyaga. Gari likashika pumzi. Likapiga kwikwi, likapiga nyingine, likaruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba, tai ya mwalimu ikamrukia begani. Akazima injini. Akairudisha tai mahali pake.

“Nimelizoea,” akasema kwa sauti ya chini. “Nimelizoea bila kujua. Nimekuwa nikilibembeleza.”

Mkunga alikuwa na maneno mengi tayari ulimini, lakini alipomwona alivyonywea, akayameza. “Basi tulipeleke kwa fundi,” akasema.

Gereji ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta: banda la mabati, sakafu nyeusi kwa oili iliyomwagika miaka na miaka, meza ya kazi iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani ambao kitasa chake bado kilikuwepo. Fundi alitoka chini ya lori akijifuta mikono kwa tambara, akamwona Mkunga, akaangusha tambara.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba, mwanangu. Mgongo wa mama yako umepoa?”

“Umepoa kidogo.” Akamgeukia mwalimu. “Huyu ndiye aliyenizalisha. Samahani, aliyemzalisha mama yangu mimi.”

“Na haikuwa kazi ndogo,” Mkunga akasema.

Fundi alisikiliza maelezo, akafungua boneti, akaketi, akawasha, akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Injini ikapanda ikaimba safi, haina doa. Akakanyaga tena. Safi. Akakuna kichwa. Siku ile akabadilisha plagi, maana zilikuwa zimechoka kweli, na filta ya petroli, maana ilikuwa imejaa uchafu. Wakaenda kulijaribu. Kwikwi ikawa pale pale.

Jumanne akachomeka mashine yake ndogo ya kupimia. Ikaandika kwamba hewa imezidi, petroli haitoshi. “Nimeipata!” akasema fundi, akaanza kuishuku pampu ya petroli. Akaipima presha. Pampu ilikuwa nzima kama jino la mtoto. Akasafisha vipuliza petroli kimoja kimoja. Wakaenda kulijaribu. Mara hii kwikwi ikaja mara tatu, kama inayowacheka.

Jumatano mchana Mkunga alifika gereji akamkuta fundi ameketi juu ya tairi, kidevu mkononi, gari limefunguliwa mbele yake kama kitabu asichojua lugha yake. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, tai imelegea. Mtihani ulikuwa keshokutwa, na sheria ilitaka gari lenye breki ya pili upande wa mwalimu. Mtaani kote hapakuwa na jingine.

“Mama, limenitoa jasho,” fundi akasema. “Likisimama, ni zima. Likitembea, linaumwa. Sijui nianzie wapi tena.”

Mkunga akavuta kigoda akaketi. Akafungua daftari lake. Alipokuwa kazini, mambo yalipokwama, hakuongeza dawa. Alirudi kusoma upya maelezo ya mgonjwa tangu mwanzo, sentensi kwa sentensi, kutafuta neno alilolipita. Akafanya hivyo. Akasoma, akapindua ukurasa, akasimamisha kidole.

“Kuna jambo sijaandika humu,” akasema taratibu, “kwa sababu hakuna aliyelalamika. Kwenye mtihani wa kwanza nilifanya sehemu ya kurudi nyuma, kuingiza gari kati ya nguzo. Nilikanyaga mafuta sana, mtahini hata alinikemea. Lakini gari halikuguna. Mwalimu, umewahi kusikia kwikwi mtu akirudi nyuma?”

Mwalimu akafikiri. “Hata siku moja.”

Fundi akainuka kwenye tairi kama aliyechomwa. “Mama, rudia.”

“Mbele linapiga kwikwi. Nyuma halipigi.”

Fundi akarukia usukani. Akatia gia ya kwanza, akakanyaga: kwikwi. Akatia rivasi, akakanyaga, gari likatoka kinyumenyume kwa kasi ya ajabu, safi kabisa, likasimama kidole kimoja kabla ya pipa la oili chafu. Akarudi mbele: kwikwi. Nyuma: safi. Mafundi wa banda la pili wakaacha kazi wakaja kutazama.

“Gari la aina gani hili,” mmoja wao akasema, “linalopenda kurudi nyuma kuliko kwenda mbele?”

“Msilishangae gari,” Mkunga akasema. “Fundi wenu mwenyewe alikuja duniani kwa rivasi. Alitanguliza makalio. Nilihangaika naye tangu alfajiri hadi saa nne.”

Gereji nzima ikavunjika mbavu. Fundi akacheka mpaka akaegemea mlango, uso umeiva kwa haya, kisha ghafla akawa mtu wa kazi. “Injini ikivuta kwenda mbele inaegemea upande mmoja,” akasema, akionyesha kwa viganja. “Ikirudi nyuma inaegemea upande wa pili. Kwa hiyo kuna kitu kinafunguka ikiegemea huku, na kujifunga ikiegemea kule. Likisimama hakuna kinachoegemea, ndiyo maana nikikanyaga hapa linaimba.” Akamtazama mwalimu. “Mashine ilisema hewa imezidi. Mimi nikakimbilia petroli. Kumbe hewa inaingia kwa mlango wa wizi.”

Ila mlango uko wapi? Humo ndani mipira na mirija ilipishana kama utumbo. Fundi akampa mwalimu usukani, breki zote zimefungwa, akamwambia atie gia ya kwanza na kuachia klachi nusu tu, ili injini ivute bila gari kwenda. Kwa mara ya kwanza wiki ile mwalimu akapata kazi anayoijua. Fundi akakata kipande cha mpira mwembamba, urefu wa mkono, akatia ncha moja sikioni na kupitisha nyingine juu ya injini. Akatikisa kichwa.

“Kelele za nyundo zimenila masikio, mama.”

“Nipe mimi.”

“Mama, ni injini hii.”

“Nimesikiliza mioyo isiyozidi ukubwa wa njugu, kwa pembe ya mbao, wodi nzima ikipiga kelele. Nipe.”

Akampa. “Simama ubavuni, usisimame mbele kabisa. Na mtandio utoe, feni isije ikauvuta.”

Mkunga akavua mtandio, akakunja mikono ya gauni, akafumba macho. Mwanzo alisikia ngurumo tu. Akaiacha ngurumo ipite, kama alivyokuwa akiziacha sauti za matumbo ya akina mama zipite, akasogeza mpira inchi moja, inchi nyingine. “Vuta,” akasema. Mwalimu akaachia klachi kidogo, injini ikainama. Pale, chini ya paipu nene ya mpira yenye mikunjo kama shingo ya mtoto aliyeshiba, kukawa na sauti nyembamba. Fyuuuu. “Acha.” Ikanyamaza. “Vuta.” Fyuuuu.

“Hapa,” akasema, macho bado yamefumbwa. “Anapumulia hapa.”

Injini ilipozimwa fundi akaingiza mkono, akapapasa chini ya mikunjo, akatoa uso uliojaa meno. Akaifungua paipu hiyo ya hewa, akaikunja mbele yao. Juu ilikuwa mpya kabisa machoni. Chini, katikati ya mikunjo miwili, ulikuwepo ufa wa urefu wa kidole, usioonekana mpaka uikunje. Alipochungulia tena akaona mpira mkubwa unaoshikilia injini nao umekatika, ndiyo maana injini ilikuwa ikilala upande kupita kiasi kila gari likivuta.

Alhamisi saa tano asubuhi paipu mpya na mpira mpya vilikuwa mahali pake. Fundi akamfungulia Mkunga mlango wa dereva. “Mama ndiye daktari wake.”

Wakaenda moja kwa moja kwenye mwinuko wa nyuma ya soko. Muuza ndizi alipoliona gari akalisogeza kapu mbali kabla hata halijasimama. Mkunga akafunga breki ya mkono, akashusha pumzi, akaondoka. Gari likapanda mwinuko wote kwa pumzi moja, kama mtu anayeitwa chakulani. Mkunga akapiga ukelele, fundi akapiga makofi kiti cha nyuma. Walipofika juu mwalimu akatazama nje ya dirisha.

“Watu wangapi nimewaambia ni miguu yao?” akasema. “Tangu mvua za mwaka jana.”

“Unawajua,” Mkunga akasema.

“Wengine walikata tamaa. Hawaji tena.”

“Basi wapigie simu.”

“Niwaambie nini? Kwamba mwalimu wao hajui gari lake?”

“Waambie hivyo hivyo. Mimi niliwahi kumwambia mama mmoja anasubiri mtoto mmoja, wakatoka wawili. Nilimwomba radhi. Akanicheka, na mpaka leo ananisalimia kwa vidole viwili.”

Jioni ile, mlangoni pa shule, kwenye ubao wa zamu, palikuwa na maandishi yake mazuri yaliyolala upande: gari lilikuwa bovu, wanafunzi hawakuwa na kosa, yeyote aliyeshindwa kwa kuondoka arudi kufundishwa upya, na mwalimu anaomba radhi. Alikuwa ametia saini na jina lake kamili. Kinyozi aliyasoma mara mbili, kisha akaomba wino, akaandika chini yake, “Tumekusamehe, ila klachi.”

Ijumaa mtahini alikuwa yule yule, kalamu pale pale. Kwenye mwinuko Mkunga aliondoka laini kiasi kwamba mtahini akasahau kuandika. Kwenye barabara kubwa akalipita lori. Kati ya nguzo akarudi nyuma bila kugusa hata moja. Waliposimama, mtahini akapekua karatasi zake kwa muda.

“Mama, umefaulu. Ila kuna kosa moja. Pale baada ya lori ulikuwa unakwenda kasi mno.”

“Kosa hilo ni langu mwenyewe?”

“La nani tena?”

“Asante, mwanangu,” Mkunga akasema kwa furaha iliyomshangaza yule kijana. “Nimelipokea.”

Mshonaji alifaulu wiki mbili baadaye. Kinyozi alishindwa kwa mara ya nne, kwa kuingia barabara ya upande mmoja akitokea upande usiofaa, akakiri mwenyewe kwamba hapo gari halihusiki. Alifaulu mara ya tano, na siku hiyo alinyoa watu watatu bila kuacha kusimulia.

Jumapili ya kwanza baada ya Mkunga kufaulu, turubai la uani likaondolewa, fundi akaja na betri mpya, kuku wakahamishwa kwa heshima na mayai yao, na Mkunga akampigia mdogo wake simu kumwambia avae, wanakwenda kuzunguka mji. Mumewe aliingia upande wa abiria na mfuko wa machungwa mapajani. Alivaa shati la harusi na kofia, akafunga mkanda, akaukagua, akaufunga tena.

“Unaogopa?” Mkunga akauliza.

“Mimi? Siogopi. Nimeshika tu mlango usifunguke.”

Mkunga akawasha gari, akasikiliza kidogo, kichwa kikiwa upande. Likaridhisha sikio lake. Njia nzima mzee alimsomea mabango asiyoyaona vizuri, akiyakosea karibu yote, na walipofika walimkuta mdogo wake Mkunga ameketi tayari barazani, gongo mkononi na midomo imepakwa rangi, akitazama saa.

“Dakika ishirini na tano!” akapaza sauti. “Dada, umepaa?”

“Ingia,” Mkunga akasema, akishuka kumfungulia mlango. “Na wewe kaa nyuma, kuna mtu mbele ameshika mlango.”